Kumlilia Vitalis Aliye Hai

Pale Lundo, kando ya ziwa, mtu akifa anaitwa kwanza Ottilia, padri baadaye. Padri ana ratiba, Ottilia ana koo. Amewalilia wavuvi, walimu, hata mwizi mmoja wa nyavu, na wote wameliliwa vizuri kuliko walivyoishi. Anamwita marehemu kwa jina, anamuuliza nyumba kamwachia nani, anamwita tena, na wanawake wanaitikia. Kilio kisicho na jina, anasema, ni kelele za mbuzi aliyefungwa vibaya.

Ndiyo maana Erasmo alimfuata. Erasmo ni mpiga video za harusi wa Mbinga mjini, aliyechoka kurekodi keki akaamua kutengeneza filamu fupi ya majonzi: mama anamzika mwanawe wa pekee. Alishuka na Violet, mshika kamera, na jeneza tupu lililofungwa kwa mpira juu ya bodaboda. Ottilia alikubali. Kulia ni kulia, na safari hii hakuna wa kuoza.

Mpaka alipouona msalaba. Ulisimikwa kwenye tuta la mchanga, na jina limeandikwa kwa rangi nyeusi: VITALIS.

Vitalis ni mwanawe, naye wa pekee, na muda ule alikuwa ziwani na mtumbwi akifuata usipa, dagaa wa huko.

"Mwanangu Erasmo, badilisha hilo jina."

"Rangi imeshakauka, mama, na jua linatukimbia."

"Ni la mwanangu. Yuko majini."

"Akina Vitalis wamejaa hadi Litembo. Jina tu hilo, mama, haliui mtu."

"Umewahi kusikia likiitwa kaburini?"

"Misiba mingi tu nimerekodi."

"Kurekodi," alisema Ottilia.

"Si tulifute tu," alinong'ona Violet.

"Wewe shika kamera."

Ottilia angeondoka. Lakini majirani walishakaa mikekani na kanga zao, na yeye hajawahi kuacha msiba katikati, hata wa uongo. Akapiga magoti. Akatupa jicho ziwani: upepo umegeuka, maji yamekuwa meusi, hakuna hata mtumbwi. Akafungua mdomo, meno ya juu yakagusa mdomo wa chini kuanza lile jina, na hofu ikamkaba hata akadaka jina la karibu zaidi.

"Erasmo wee, Erasmo mwanangu, kamera umemwachia nani?"

Wanawake wa Lundo hawajui kukiacha kilio bila kukiitikia. "Erasmo wee," wakapokea, "mama yako atakaa na nani?"

Erasmo alicheka. Kisha akatabasamu. Kisha hata tabasamu likamtoka. Kitongoji kizima kilikuwa kinamuaga kwa jina lake la ubatizo, na jeneza lile, alipolitazama vizuri, lilikuwa la kimo chake.

"Kata," alisema. Nani anakata msiba? "Kata, mama, nakuomba. Ita jina lingine."

"Jina tu hilo, baba," alijibu Ottilia katikati ya kwikwi.

Erasmo akauvamia msalaba. Alisugua kwa mchanga, kwa mate, kwa pindo la shati lake, mpaka Vitalis akabaki doa. Hapo ndipo Ottilia akanyamaza.

Ila hofu haikunyamaza. Sasa alikuwa na watu wawili wa kuwaogopea.

"Leo usipande pikipiki," alimwambia. "Ule mlima wa kurudi Mbinga una kona. Kaa hapa."

Yule asiyeamini majina akakaa, mbali na jeneza. Wote wawili wakakodolea maji macho. Erasmo aliiona taa nyekundu ya kamera ya Violet ikiwaka bado, ikiwaelekea wao. Akaiacha iwake. Neno lake la kukata lilishamwangusha mara moja.

Mitumbwi mingine ilianza kurudi. Wa Vitalis haukuwemo. Ottilia alikuwa ameshika ncha ya kanga yake, akiisokota kama anayekamua nguo. Kisha, nyuma kabisa, likatokea kasia moja.

Vitalis alivuta mtumbwi mchangani, maji yakimchuruzika, akaukuta umati.

"Shikamoo, mama. Nani kafa?"

"Hajafa mtu." Alimpapasa mkono mmoja, halafu wa pili. "Msalimie kaka yako. Analala kwetu."

Erasmo akapokea kikapu cha usipa kwa mikono miwili, akatangulia njia ya nyumbani, akitazama kila anapokanyaga.