Manyoya ya Jenerali

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya mifugo pale Kitale niliuliza makasi yako wapi, na Daktari akacheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimetoka kunyoa kondoo miaka mingi katika mashamba ya Trans-Nzoia, na kwa akili yangu mnyama mwenye manyoya mengi alikuwa na dawa moja tu. Daktari, mama wa Kikuyu aliyezaliwa na kukulia Kitale, alinikabidhi reki. Si reki ya shamba, jamani. Ni kitana cha chuma chenye meno marefu butu na mpini wa mbao.

"Wafula, hapa si kwa kondoo," akasema. "Mbwa wa manyoya mazito hatunyoi. Tunatoa tu ile imekufa."

"Kwa nini, Daktari?"

Akafungua mdomo kunijibu, simu ikalia: ng'ombe wa mtu alikuwa amekwama kuzaa huko Matisi. Akanyakua mkoba wa dawa akatoka mbio. Mimi ni mtu wa kuuliza, hata mke wangu hulalamika, lakini swali hilo sikulirudia. Niliogopa kuonekana mshamba mara mbili kwa siku moja.

Kazi yenyewe niliipenda upesi. Wengi walioletwa walikuwa mbwa wa Kijerumani, wale wa masikio wima, na nilitaka kujua kila kitu juu yao. Mbona wanapukutika mwaka mzima, halafu kuna majuma wanamwaga kama godoro lililopasuka? Mbona rangi ya nje si ya ndani? Ukipenyeza vidole unakuta tabaka mbili: juu nywele ndefu ngumu, chini manyoya mafupi laini kama pamba. Pale kliniki, ya juu tuliiita koti, ya chini sweta. Ile inayojaa kwenye makochi na kwenye chai ya watu, nyingi ni sweta. Unamwosha mbwa, unamkausha kwa bloa, ile mashine ya kupuliza hewa yenye kelele, na manyoya yanaruka mpaka yanakuganda kwenye nyusi. Nikirudi Tuwan, tulikopanga chumba, mke wangu alinisimamisha mlangoni akanipiga ufagio kwanza.

Baadaye Daktari alifungua tawi Bungoma, akanituma kusimamia idara ya kuosha mbwa. Idara! Ilikuwa beseni, bomba, meza na mimi. Lakini ilikuwa karibu na kwetu Misikhu, nami nilitembea kifua mbele kama afisa.

Huko ndiko nilikokutana na Mwalimu, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu. Alikuja kiangazi kimoja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, manyoya mpaka kwenye mapaja, jina lake Jenerali.

"Wafula, nisaidie bana," akasema kabla hata ya salamu. "Jana wamama wa kanisa walikuwa kwetu. Mmoja ametoa nywele kwa ugali, akaishika juu hivi, kila mtu akaona. Sasa Mama Mwalimu ameapa. Ikipatikana ingine, Jenerali anaenda kwa ndugu yangu huko Mlima Elgon, afungwe mnyororo alinde mahindi."

Akamshika mbwa sikio. "Na huyu ndiye mwanafunzi amenibakia."

Hakuwa akitania. Watoto wake walikuwa wamehamia mbali, na kila asubuhi alizunguka mtaa na Jenerali akimweleza habari za redio. Nilimhurumia. Joto lilikuwa kali, mbwa anahema ulimi nje, na Daktari yuko Kitale. Nikaitazama mashine ya kunyolea, ile ya kusafisha ngozi kabla ya kushona kidonda.

"Si tumalize hii maneno mara moja?" nikasema.

Nilimnyoa kama kondoo, kuanzia kifuani mpaka mkiani. Na niseme ukweli, nilijisikia raha, kwa sababu mkono ulikuwa haujasahau. Jenerali alitoka pale amebaki masikio.

Siku ya tatu Jenerali aliletwa na mke wa Mwalimu, Mama Mwalimu mwenyewe, msusi wa sokoni, mama wa maneno machache na vidole vya haraka. Mgongo wa mbwa ulikuwa mwekundu kwa kuungua jua na nzi wanamfuata. Mbwa aliponiona alijisukuma chini ya meza.

"Wewe ndiye Wafula?"

"Ndio, Mama."

"Nilisema nywele itoke kwa ugali. Nilisema itoke kwa mbwa?"

Tena hazikuwa zimeacha kuanguka. Zile fupi zilijichoma kwenye makochi kama sindano, mgeni akiketi anaruka. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilimpigia Daktari simu, akafika mchana huohuo. Alimpapasa Jenerali mgongo mzima, akampaka dawa, ndipo akanigeukia.

"Hiyo koti ndiyo inamkinga jua, Wafula. Hewa inapita katikati, anapoa. Sufu ya kondoo inakua bila kuacha. Ya huyu inafika kimo yake, inakufa, inaanguka. Ukikata, sweta inatangulia kurudi, koti inachelewa, na pengine isirudi."

"Daktari, nilikuuliza siku ya kwanza."

"Uliniuliza mara moja," akasema.

Hakunifukuza. Aliniamuru niende kwa Mwalimu kila Jumamosi kumchana mbwa mpaka manyoya yarudi. Mama Mwalimu naye akatoa hukumu yake pale pale: hatampeleka mbwa mlimani akiwa uchi, ati watu watasema nini, lakini nywele zikirudi na shida ikarudi, anaenda.

Basi fikirieni hali yetu. Kila wiki manyoya yaliongezeka, nami nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Mwalimu alipima urefu kwa kidole chake na kuguna. Nilichana kwa bidii zote, na bado sweta ilijaa sebuleni.

Jumamosi moja Mama Mwalimu alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akatazama weee, mwisho akashindwa.

"Kwani wewe unachana juu juu tu? Kichwa ya mtu hatuchani hivyo. Sogea."

Akapiga magoti kwenye nyasi. Akagawa manyoya kwa kidole mpaka ngozi ikaonekana, mstari mmoja mnyoofu kama wa kusuka, akabana ya juu kwa kiganja na kuchana ya chini. Kisha mstari wa pili, na wa tatu. Lo! Sweta iliyotoka ilijaza karai. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipitisha reki juu ya koti na kudhani nimefanya kazi.

"Na hii laini inaota wapi?" akaniuliza. "Shimo moja na hii ngumu, ama kila moja na yake?"

Tukainama wote wawili kuchunguza, vichwa vikagongana, Mwalimu akatucheka. Tangu siku hiyo Mama Mwalimu alichukua ubavu mmoja nami mwingine, nje, mbali na jikoni. Ugali ukawa safi. Ilichukua zaidi ya mwaka koti kurudi, isipokuwa kipande cha upana wa kiganja mgongoni kilichobaki kama pamba. Habari ya mlimani hakuna aliyeitaja tena.

Sasa nimestaafu, niko Misikhu. Vijana wa kliniki wananitumia picha za mbwa kwenye simu na kuuliza wafanyeje, nami nawaambia wagawe mistari mpaka waione ngozi. Nikiwajibu nusu nusu, wananiuliza tena, na hilo linanifurahisha sana.

Majuzi nilienda Bungoma kumsalimu Mama Mwalimu. Alikuwa ametoka kanisani, gauni jeusi limejaa manyoya laini mapajani. Kwa mazoea nikanyoosha mkono kuyapangusa.

"Rudisha mkono," akasema. "Wewe ulishaninyolea mbwa mara moja. Jenerali tulimzika Jumanne."

Nikaurudisha mkono, tukaketi.