Mume Wangu, Mwalimu na Ndege Iliyotekwa

Admin, nifiche kabisa. Mume wangu yuko kwa hii peji na anapenda komenti kuliko chai.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Mwiki, Ruiru, tuna watoto wawili. Nimepata kazi ya usafi kwa hoteli huko Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, viza imetoka, na mwezi ujao napanda ndege mara ya kwanza maishani. Ningekuwa nacheka saa hii. Badala yake roho inaniungua, na anayeiunguza ni mwanamke mmoja wa Kahawa Sukari.

Mume wangu alikuwa jeshini, siku hizi ni mlinzi wa kiwanda Thika. Akitoka shifti ya asubuhi anapitia bunge la mwananchi pale Makongeni, wale watu hukusanyika kando ya maduka kubishana mambo ya nchi. Wana spika na wana sheria zao. Wanaounga hoja mkono wanasimama kulia, wanaopinga kushoto, na mtu akibadilisha mawazo lazima avuke upande ule mwingine huku wote wanamwona. Huko wanamwita Jenerali, ingawa jeshini alikuwa fundi wa malori na ndege alikuwa anaziona juu kama sisi wengine.

Basi wakaleta hoja: magaidi wakiteka ndege ya abiria na kuielekeza mjini, jeshi liitungue watu wakiwa ndani, ama liiache? Hoja imekataa kuisha. Mume wangu alisema itunguliwe, wafe wachache wapone wengi. Hata mezani alikuwa ananionyesha, kikombe ndiyo ndege, thamosi ndiyo ghorofa, na chai inapoa. Nilikuwa namsikiliza tu, nikijua ni starehe yake.

Halafu Mwalimu, ndiye huyo mwanamke wa Kahawa Sukari, akaingia kwa mazungumzo. "Mwalimu anasema ukiitungua umewamalizia magaidi kazi." "Mwalimu aliuliza, nani alimpa rubani ruhusa ya kuchagua wa kufa?" Siku moja akaniambia, "Huyo mama ana kichwa, wacha tu." Mimi nimezaa naye, nimemuuguza, na sijawahi kusikia kama nina kichwa. Akaanza kujipigia shati pasi. Mwanaume ambaye hakujua pasi yetu hukaa wapi.

Jumamosi nikamwambia naenda Thika kutafuta mitumba. Nikajifunga kitambaa, nikavaa maski, nikasimama nyuma ya mama anayeuza nduma. Nikamwona huyo Mwalimu. Jamani, hata si msichana. Ningekuta kasichana ningesema ni upuzi wa wanaume, utapita. Nilikuta mama wa umri wangu, miwani, viatu vya chini, na alipoanza kuongea hata mimi nikajikuta nasikiliza. Hapo ndipo wivu ulinishika vizuri.

Mume wangu alikuwa ameongea sana, mkono juu, anapigiwa makofi. Spika akampa Mwalimu nafasi. Akasema kwa upole, "Jenerali, mimi nina swali tu. Wewe uko kwa ndege ya vita, kidole kiko kwa kitufe. Mimi niko kwa ile iliyotekwa, nimekaa dirishani. Utafinya?"

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Aliangalia chini, akajikuna ndevu, na huyo mtu ambaye hajaniambia pole tangu tuoane akavua kofia, akavuka. Walipiga makofi na mbinja. Mwalimu akasogeza mkoba wake ili apate mahali pa kusimama karibu naye. Huo mkoba ndio nauona hata nikiosha vyombo.

Nilirudi nyumbani kabla yake. Jioni nikampakulia githeri, nikamuuliza kwa sauti tamu, "Baba Shiru, ile hoja ya ndege iliishia wapi?"

"Bado tunaendelea."

"Na kama ni mimi niko ndani? Si mwezi ujao niko hewani."

Hakuacha hata kutafuna. "Mama Shiru, mwanajeshi haulizi nani yuko ndani. Amri ni amri. Ungeenda tu na wengine." Akacheka kidogo, akaniambia nimpitishie chumvi.

Nikampitishia.

Dadangu anasema nimechizi, nataka kuacha kazi kwa sababu ya ndege ambayo haiko. Ni kweli haiko. Simu yake nimeipekua, hakuna kitu, ni salamu za bunge tu na ratiba ya hoja. Angekuwa amelala na huyo mwanamke ningejua la kumpelekea pasta. Sasa nitamwambia nini pasta, kwamba mume wangu alishindwa mjadala? Na tena yeye ndiye ananiuliza kila siku kama tiketi imetoka. Ameninunulia sanduku kubwa la magurudumu. Zamani ningesema ni mapenzi, siku hizi nikiliona pale mlangoni naona ni kama nafukuzwa.

Ajenti anataka jibu Ijumaa. Nikienda, watoto watasoma vizuri, na Mwalimu atabaki na Jenerali wake miaka miwili. Nikikaa, nitakuwa nachunga mwanaume ambaye hajanikosea kitu ninachoweza kukitaja mbele ya wazee.

Wenye ndoa mnisaidie mawazo, niende ama nibaki? Ila tafadhali msiniambie nimuulize tena lile swali. Nikimuuliza tena ataona uso wangu, na atanijibu vizuri kwa kunihurumia tu.