Mbao za Kongo Hupita Malaba

Swali lilikuwa hili: bidhaa za bonde la Kongo hufika baharini kwa njia gani? Niliandika: kwa lori, kupitia Malaba, mpaka Mombasa. Mwalimu akachora mkasi mwekundu wa kosa juu ya jibu langu.

Alama moja tu ndiyo niliyopungukiwa. Darasa letu la ngumbaru, nyuma ya kanisa hapa Malaba mpakani, lina sheria: ukianguka jaribio la jiografia, jina lako haliingii kwenye orodha ya mtihani. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti mwenye yadi ya malori hawezi kunipa kazi ya getini. Ningebaki na beseni langu la mayai boilo, ya kuchemsha, kwenye foleni ya malori mpaka magoti yaishe.

Wa kulaumiwa ninawajua. Nilikuwa darasa la tano, kwenye jiografia tumefika jangwa la Sahara, baba mdogo alipokuja kunitoa darasani. Lori la tangi la petroli lilikuwa limeanguka barabarani, akataka mtu mdogo wa kupenya na mtungi. Mwalimu mkuu aliniachilia, naye akaagiza lita zake. Chifu alisimama kando akitazama watu wakichota. Moto ulipolipuka, baba mdogo alikuwa ameshafika mbali kwa baiskeli yake. Mimi nilitoka hai, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana mpaka leo, na shule ikaishia hapo. Kwenye matanga ya waliokufa, baba mdogo na chifu waliketi kwenye chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake, wakasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakubeba mtungi.

Kwa hivyo nilipouona ule mkasi, kukaa kulinishinda. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Mzee, kaa chini," mwalimu akasema. Ni msichana wa Kocholia, hapa jirani, umri wa binti yangu. "Kitabu kinasema mto Kongo unaelekea magharibi. Bidhaa zinafika bandari ya Matadi, halafu Atlantiki."

"Maji yaende huko. Mbao zinapita hapa, mwalimu. Ninaziona kila siku."

Mama muuza omena aliye nyuma yangu akacheka. "Wewe andika Matadi tuende sokoni! Ama umeoa Kongo?"

Nikatoka nje. Foleni ilikuwa imesimama kama kawaida, na lori la tatu lilikuwa na mbao. Dereva wake ni mteja wangu.

"Boss, umetoka wapi?"

"Beni, Kongo. Mayai iko wapi?"

"Wacha mayai. Njoo useme hivyo kwa mwalimu wangu."

Alikuja na ndara zake, akasimama mlangoni akaeleza yote: Beni, Kasese, Kampala, Malaba, Mombasa, meli. Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu akakuna kichwa kwa chaki.

"Mzee, umenishinda," akasema. "Lakini atakayesahihisha mtihani hakai Malaba. Kesho nitarudia swali hilo kwako peke yako. Ukijibu kama leo, siwezi kukusaidia."

Usiku ule sikulala vizuri. Niliyajua majibu yote mawili. Kilichonisumbua ni kwamba mara ya mwisho kufanya nilivyoambiwa, nikijua si sawa, nilirudi na vidole viwili.

Asubuhi nikashika kalamu kwa vidole viwili vinavyofanya kazi. Nikaandika Matadi. Nikaandika Atlantiki. Mwalimu akaweka tiki, akalipeleka jina langu kwenye orodha. Hakuniangalia usoni, wala mimi sikumwangalia.

Mchana foleni ilikuwa haijasonga. Dereva wa mbao akaniita.

"Mzee, uliandika nini?"

"Matadi."

"Matadi!" Akacheka mpaka akashika usukani. "Miaka yote hii na mbao, hiyo Matadi sijawahi kuiona."

Nikamenya yai, nikalipasua, nikalijaza kachumbari na pilipili nyingi kuliko alivyoomba.