Hatua Moja Kushoto

Kwa nini nilikuwa nachelewa, na mguu hauniumi? Nilijiuliza hivyo msimu mzima bila jibu.

Nilikuwa beki wa kati wa timu ya wasichana Elburgon, nikiwa mwaka wa mwisho chuoni. Mwezi wa pili niliteguka kifundo cha mguu wa kushoto. Nilifanya tulivyofanya sote: maji moto na chumvi siku tatu, kisha ukanda wa mpira wa baiskeli, niufunge hadi maumivu yanyamaze, na soksi mbili juu yake kocha asione. Jumapili ya pili nilirudi uwanjani. Sikusikia maumivu. Sikusikia hata nyasi.

Niliowasikia ni watu wa pembeni. "Beki, umekuwa gogo? Tukupeleke kwa mashine ya mbao?"

Mshambuliaji akipita kulia kwangu, nilimfikia. Akipita kushoto, nilifika ameshaenda. Kocha alisema ni woga. Mama, niliyemsaidia kuvuna viazi Mau Narok kila Jumamosi, alisema ni uchovu.

"Jana umebeba magunia, leo unataka kuruka kama swara?"

Sikuwaamini. Uchovu gani huu wa kuchagua upande? Na kama ni woga, mbona mimi mwenyewe siuoni? Niliacha viazi wiki tatu, nikalala vizuri. Dakika za mwisho nilipata pumzi, lakini kushoto bado nilichelewa. Nilizidi kuchanganyikiwa.

Kisha tukaambiwa kocha wa timu moja ya Nakuru angekuja kutafuta beki. Niliitaka nafasi hiyo kuliko digrii, ingawa nyumbani nisingethubutu kusema.

Siku alipokuja, kabla ya mapumziko, tulifungwa. Mpira uliingia kando ya mlingoti wa kulia, na golikipa wetu, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alikuwa amesimama mbali upande wa kushoto.

"Wewe, mbona umesimama huko? Unangoja mgeni?" kocha wetu alimuuliza.

Aliuokota mpira wavuni. Kocha akanigeukia. "Beki, alikuwa mahali pake?"

"Hapana, kochi."

Nilisema nilichokiona. Golikipa alivua glavu, akampa wa akiba, na hakurudi tena kwenye timu. Mimi nilichukuliwa Nakuru.

Huko, wiki ya kwanza, mama mmoja anayetibu wachezaji aliniambia nisimame kwa mguu wa kushoto nimefunga macho. Nilianguka. Alisema kifundo kinaweza kuacha kuuma kabla hakijapona, kikasahau kujisimamisha, na kwamba ule ukanda ulikuwa unakizidishia usahaulifu. Uchovu nao ulichangia, alisema, lakini si peke yake. Nikadhani sasa nimejua yote.

Miaka minne baadaye nilikutana na golikipa Naivasha, akitoka kazini kwenye shamba la maua. Tulikunywa chai. Nilimuuliza siku ile alikuwa anafanya nini kule kushoto.

"Kukufunika," alisema. "Ulianza kuchelewa upande huo tangu urudi, kwa hivyo kila mechi nilikuwa nasogea hatua moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Ungeuliza maswali mia, halafu umwambie kochi ukweli, akuweke benchi."