Kona ya Kushoto

Kuku yule alinichosha kuliko watu. Nilimleta mwenyewe kutoka Nsungwi, mjini, miguu imefungwa, siku tulipoacha chumba cha kupanga na kurudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mchana na usiku tu. Chumba cha Nsungwi na hiki cha Dzaleka vinafanana, virefu na vyembamba, ila hiki kina milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na mimi nilikipanga nilivyotaka. Kule, kitanda cha mama kilikuwa mwisho wa chumba, kona ya kushoto, na kuku akitagia chini yake. Hapa kona hiyo niliiwekea mbabula, jiko letu la makaa, na rafu ya vyombo nikaipigilia misumari ukutani. Kitanda kikaenda kulia.

Kuku hakukubali. Nilimwekea kikapu chini ya kitanda, nikakifunga kitambaa chekundu ili hata mjinga akione. Akaingia kwa mlango wa mbele, akakipita, akaenda kushoto kukaa kati ya sufuria. Nikamfukuza. Akaizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa nyuma, akaenda tena mwisho kabisa, kushoto, ambako kwa upande huo ndiko nilikoweka ndoo za maji. Kona hizo mbili zinatazamana kimshazari, na kwake zilikuwa kona moja. Ukuta mrefu ukiwa kushoto kwake na ukuta mfupi ukiwa mbele, basi kiota ni hapo. Rangi yangu haikumhusu.

Nilibishana naye mpaka nikaona haya. Mwishowe nilihamisha ndoo, nikaweka kikapu hapo na mayai yote ndani, kwa sababu nilivitaka vifaranga, na nikawa namfungulia mlango wa nyuma kama mgeni rasmi. Akaanza kulalia.

Mama naye hataki kushikwa mkono. Akitoka kuota jua huingia mwenyewe kwa mlango wa mbele, kiganja kikipapasa ukuta wa kushoto mpaka unapoishia, kisha anageuka ili akae. Nilitandika gunia kulia, toka mlangoni hadi kitandani, mguu wake ulijue. Alilivuka. Kila mara nilimkuta amesimama karibu na jiko, na kila mara moyo uliniruka, kisha hasira ikafuata.

“Mama, kitanda iko kuume. Nilikuambia jana, nimekuambia na asubuhi.”

“Najua. Miguu njo haijui.”

“Sasa miguu ifundishe.”

Nilijiambia atazoea, kwani nyumba ngapi amezizoea tangu tutoke kwetu, na hii ni ndogo kuliko zote. Kusema kweli, rafu ilikuwa imenitoa jasho na sikutaka kuigusa.

Siku alipoungua nilikuwa nje nakung'uta makapi ya maharage. Nilisikia sufuria ikianguka, si sauti yake. Nilimkuta ameushika mkono wake kifuani, maharage yamemwagika miguuni, na badala ya kumpa pole nikaanza kugomba: nimesema kuume, kuume, unataka nikufunge kamba?

Alingoja nimalize.

“Kuku, ulimufatisha na mayai yake kwenye anakwenda,” alisema. “Mi unanigombeza.”

Nilimketisha mlangoni, mkono wake ndani ya beseni la maji, nikaenda kuomba nyundo kwa jirani. Nilianza na rafu. Nilivuta misumari kwa nguvu nisizojua nimezitoa wapi, machozi yananitoka, vikombe vinaanguka na siviokoti.

“Polepole,” mama alisema kutoka mlangoni. “Usipinde misumari. Tutaipigilia tena ku ule upande mwingine.”