Kibati cha Hoyt Pruitt

Saa moja kasoro robo asubuhi, Lurleen Tadlock anapaka siagi ya karanga kwenye vipande vinne vya mkate na kuficha kidonge cha maumivu ya viungo ndani ya kimoja. Duchess, dubu wa miaka ishirini na tisa, anavila vitatu na kukitema cha nne.

"Bibi huyu ana akili kuliko daktari wake," anasema Lurleen, kisha anaanza upya.

Huu ni mwaka wake wa ishirini na saba katika bustani hii ya wanyama, kando ya barabara kuu ya zamani, kaskazini mwa Florida. Wanyama ni thelathini na mmoja: simbamarara wawili, mamba, nyani wazee, na mbuni asiyempenda mtu yeyote. Anayekosekana ni mwenye mali. Hoyt Pruitt alitoweka miaka sita iliyopita na hadi leo hakuna ajuaye aliko.

Ukitaka uvumi, kaa mgahawani dakika kumi tu. Wapo wanaosema kakimbilia Honduras na mwanamke. Wapo wanaoapa kwamba simbamarara walimla pamoja na viatu vyake. Huyo wa viatu alijibiwa na Lurleen taratibu kabisa: "Hoyt alikuwa hanawi miguu. Hata fisi angekataa."

Kinachomuuma ni kibati. Hapa kila anayeingia vizimbani hutundika ubaoni kibati chenye jina lake, na akitoka hukiondoa mwenyewe. Kumwondolea mwenzako ni mwiko, maana unaweza kumfungia ndani na mnyama.

Jumanne aliyotoweka Hoyt, kibati chake kilikuwa kinaning'inia. Polisi walipouliza, Lurleen aliwaambia Hoyt yumo ndani. Kwa siku mbili walipekua vizimba, wakawalaza simbamarara kwa dawa, wakakausha bwawa la mamba. Siku ya tatu pikapu yake ikakutwa kando ya mto, maili arobaini kutoka hapo, funguo zikiwa ndani.

"Alikuwa anasahau kukitoa kila wiki, na nilijua," anasema. "Bado nikawaambia kibati hakidanganyi. Siku mbili, mwanangu. Siku mbili niliwazungusha kwenye tope bure."

Anayasema hayo akiwa ameshika ndoo, nami sikujua nitazame wapi.

Ndiyo maana mwaka mzima aligoma kuapa mahakamani kwamba Hoyt amekufa. Leseni ya bustani ilikuwa na jina la Hoyt na ingeisha kesho, Ijumaa. Bila leseni mpya wanyama wangehamishwa, na daktari alishasema Duchess hawezi kuimaliza safari. Verna, dada yake Hoyt mwenye miaka sabini na minne, alitaka kumwachia Lurleen kila kitu. Lakini kwanza ilibidi hakimu atamke hivyo, na hakimu alihitaji kiapo cha mtu wa mwisho kumwona Hoyt. Mtu huyo ni Lurleen.

Jumatatu, siku mbili kabla ya kesi kusikilizwa, Verna alikuja na pai ya viazi vitamu.

"Mimi ni dada yake na nimeshamlilia," alimwambia. "Wewe unangoja nini?"

"Sijui alipo, Bi Verna. Niliwahi kusema najua."

"Karatasi haiulizi alipo, mdogo wangu. Inauliza unaamini nini."

Lurleen alikula pai yake yote ndipo akaomba kalamu. Akaandika kwamba kila mwaka Hoyt alimletea Duchess tikiti maji siku ya kuzaliwa kwa dubu huyo, hata mwaka aliokuwa na nimonia, na kwamba angekuwa hai asingekosa mara sita mfululizo. Jana hakimu alisoma, akavua miwani, akatia sahihi. Kufikia jioni leseni mpya ilikuwa na jina la Lurleen.

Lurleen ana furaha, na haifichi. Hataongeza wanyama, wala hataruhusu tena watu kupiga picha na watoto wa simbamarara. Anataka kumjengea Duchess bwawa lenye kivuli, na wote waliomo wazeekee hapa hapa.

Na kama Hoyt atatokea getini?

Anajifuta mikono kwenye suruali.

"Nitamkumbatia, nilie kidogo," anasema. "Halafu nitamwajiri. Ataanza na kuzoa mavi ya dubu, kama alivyonianzisha mimi."