Winga wa Bano Kumi

Juzi nilirudi Kondele, mtaa nilikokulia, kufungua sanduku la marehemu nyanya, na chini ya leso zake nikakuta kipande cha katoni ya sabuni kilichochorwa kijana mwenye miguu mirefu kupita kiasi. Nilicheka, halafu nikakaa chini.

Mchoraji nilikuwa mimi. Miaka ile ya themanini, watoto wenye pesa walikusanya picha za wachezaji wa Ulaya zilizokuja na chingamu. Sisi wa pesa ya mandazi tulichora vijana wa timu ya mtaa. Nyanya alilalamika kwamba katoni zake zinaliwa na mchwa mwenye kalamu. Soko letu la picha hizo lilikuwa kando ya ua wa shule, kila Jumamosi, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, ikitujia kutoka nyumba za karibu, na tulilipana kwa bano, zile goroli za kioo. Kununua nyota hakukuhitaji akili. Ujanja ulikuwa kumnunua kijana kabla hajajulikana, kisha kungoja.

Mwana wa jirani, winga wa kushoto, alifika bano kumi. Kisha mvua ikaharibu uwanja, akateleza, goti likaumia vibaya, na bei yake ikaanguka. Akawa anashinda mlangoni akimenya njugu za mamake, mguu juu ya kigoda. Kila nilipopita aliniita.

"Wewe mchoraji, leo mimi ni ngapi?"

"Kumi," nilimjibu. Sikuwa na moyo wa kumwambia ukweli.

Jumamosi moja akaja sokoni mwenyewe, kwa magongo. Alimkuta mtoto akiuza picha nne za winga huyo huyo kwa bano moja, na hakuna aliyezitaka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Yeye akatia mkono mfukoni, akamhesabia yule mtoto bano kumi, sijui alizitoa wapi, akachukua picha moja.

"Bei si ni kumi?" akasema, bila kunitazama.

Zile tatu zilizobaki nilizinunua, nikaenda nazo nyumbani kwa nyanya.

Hakucheza tena. Alihamia Port Victoria, kule ziwani, kuuza samaki. Uwanja sasa ni maduka ya simu, na watoto wa pale hawajui bano ni nini. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Jioni ya siku ile ya sanduku nilimpigia winga simu, nikamwambia nyanya alikuwa amemweka sandukuni miaka yote hii.

"Sasa mimi ni ngapi siku hizi?" akauliza.

"Siuzi," nikamwambia, na mara hii sikuwa namdanganya.